Tunamaliza Wote

Teresina alisema Kiswahili kama alivyotia chumvi, kwa kukisia. Alikuwa amekiokota Adjumani, upande wa Uganda, katika miaka ishirini na miwili ya ukimbizi, sokoni na kwenye foleni ya maji, kutoka kwa watu ambao nao walikuwa wamekiokota kwa wengine. Kwake kitu chochote kilikuwa "iko", na vitu vikizidi kimoja vilikuwa "wote". Sahani wote. Mihogo wote. Siku wote. Alieleweka, na mtu anayeeleweka haoni haja ya kujisumbua na ngeli.

Aliyejisumbua kwa niaba yake alikuwa Mwalimu Constantine. Huyu alikuwa mtu wa kabila la Wakuku, kutoka Kajo-Keji, umri wa miaka thelathini na sita, mrefu, mwenye shati lililochomekwa hata akiwa matopeni. Wenzake walikimbilia Uganda. Yeye vita vya zamani vilimfikisha Kenya, akasoma Nakuru mpaka chuo cha ualimu, akarudi Juba na Kiswahili cha vitabuni ambacho hakuna aliyemwomba. Alifundisha darasa la sita katika shule moja mjini, na Jumamosi alilima pamoja na Teresina na wenzao. Maskini, hakuweza kulinyamazia kosa. Jembe likiwa hewani, angelishusha kwanza ili asahihishe.

"Mama, mihogo ni yote. Watu ndio wote."

"Wewe naelewa ama hapana?"

"Nimeelewa."

"Basi iko sawa. Lima."

Watu walicheka, na Constantine alicheka kuwazidi, kisha baada ya dakika kumi akamsahihisha tena. Teresina alimpenda kwa hilo, ingawa hakuwahi kumwambia.

Shamba lenyewe lilikuwa Gumbo, ng'ambo ya daraja, kipande cha ardhi ya parokia kilichoteremka mpaka mtoni. Teresina alikuwa amerudi Juba mwezi Juni 2011, juu ya lori, na godoro, jembe na picha ya marehemu mumewe, akawahi siku ya uhuru wa Sudan Kusini. Siku ile alicheza ngoma mpaka kiatu kimoja kikapotea, na hakukitafuta. Kesho yake watu waliamka na njaa ile ile, maana uhuru hauliwi. Alipata kazi ya kupika katika ofisi moja ya shirika mtaa wa Thongpiny. Mwaka uliofuata, alipoona vikongwe wa Gumbo wamepanga mstari kanisani wakiomba chakula, akamwendea padri kuomba kile kipande, ambacho wakati huo kilikuwa vichaka na chupa zilizovunjika.

"Utalima peke yako?" padri aliuliza.

"Peke yangu namna gani, fadha? Mimi naita nafir."

Nafir ni neno la Kiarabu cha Juba. Mtu akiwa na kazi inayomzidi nguvu, huwaita wenzake. Wanakuja na vyombo vyao, wanafanya kazi bila malipo, na aliyewaita anawapikia. Ina sheria mbili tu. Aliyeita hula wa mwisho. Na aliyeita ndiye mwenye watu wale mpaka kila mmoja afike kwao: akiumwa na nyoka, akilewa akatumbukia mtaroni, ni juu yake aliyeita. Kwa watu wengine wa nchi ile, Teresina alikuja kuambiwa wakati ambapo kuambiwa hakukuwa na faida tena, neno hilo hilo ni la kuwaita watu vitani. Pale Gumbo, lilikuwa neno la kuwaita watu kwenye bamia.

Walianza watano, wakafika kumi na wanne. Josline, Mganda mwenye duka kando ya barabara ya Nimule, alileta mbegu za sukuma na ujuzi wa kupanda vitunguu kwenye magunia. Gaetano, fundi baiskeli aliyekaa jirani na Constantine kule karibu na bandari ya mtoni, alileta mabega yake. Nusu ya mavuno ilikwenda jiko la parokia, kwa vikongwe na wagonjwa wasio na mtu, nusu waligawana. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kwa vidole vya watu kumi na wanne lile jalala likawa na vitalu ishirini. Vita vya Desemba 2013 vilipozuka walikaa wiki tatu bila kulima, na wawili kati yao hawakuonekana tena. Waliobaki walishika majembe wakaendelea, kwa sababu vikongwe walikuwa bado wanakula.

Mwaka 2016 mvua ilikuwa nyingi. Matete yalipanda kutoka mtoni yakameza vitalu vitatu, na nyoka wakahamia humo. Jumamosi ya kwanza ya Julai wakakubaliana kwamba Jumamosi inayofuata, tarehe tisa, sikukuu ya uhuru, watayafyeka mpaka ukingoni. Kazini hakuna anayekwenda siku hiyo, na mwaka huo serikali ilikuwa imesema hakuna sherehe. Basi Ijumaa mchana, akiwa jikoni Thongpiny na wali wake uko motoni, Teresina akawakumbusha kwa simu yake ya vitufe. Aliandika kwa kidole kimoja, kwa herufi kubwa kwa sababu hakujua namna ya kuziondoa:

KESHO NAFIR. KILA MTU KUJA NA PANGA. TUNAMALIZA WOTE. MOJA ASIBAKI.

Hakuandika matete. Matete kila mtu aliyajua, na kila herufi ilikuwa kazi.

Saa kumi na moja jioni ile bunduki zililia upande wa ikulu. Teresina alikuwa ameshavuka daraja kurudi nyumbani, akajifungia. Jumamosi kulikucha kimya, na kimya kile kiliwadanganya wengi. Watu walitoka kutafuta unga na maji kana kwamba mambo yamekwisha. Teresina alijaribu kuwapigia wenzake wasije, lakini mtandao ulikuwa umekufa. Akaona atakayekuja atakuja na njaa, akabandika maharage.

Walikuja wanne, wote wa Gumbo. Saa tatu Gaetano alitokea peke yake barabarani, akitembea kama mtu aliyejitwika ndoo na hataki maji yamwagike. Alimpungia Teresina mkono amfuate nyuma ya stoo.

"Constantine wamekamata," alisema. "Darajani."

Walikuwa wametoka pamoja, yeye na mwalimu. Constantine alibeba panga lake limefungwa gazeti, nadhifu kama kawaida yake. Kwenye kizuizi askari waliuliza panga la nini. Akasema la nafir. Neno lile halikuwapendeza. Wakataka simu. Simu ya Gaetano haikuwa na chaji, na hilo ndilo lililomponya. Ya Constantine ilikuwa nayo. Kati ya askari wale kulikuwa na kijana mmoja aliyewahi kusoma Kenya, na wenzake wakampa asome.

"Akasoma mara mbili," Gaetano alisema. "Akauliza, hao wote ni akina nani? Mwalimu akasema, ni matete. Yule akasema, usinifanye mjinga, matete si watu. Hapa imeandikwa wote. Hapa imeandikwa asibaki. Mimi Kiswahili nakijua."

"Na mwalimu?"

"Mwalimu akasema, uko sahihi kabisa, ndugu yangu, ilitakiwa kuwa yote. Akaanza kumfundisha, mama. Pale pale, mikono juu, anamweleza ngeli."

"Kisha?" Teresina aliuliza.

"Wakauliza aliyeandika nani. Kwenye simu jina ni Mama Nafir. Wakauliza anakaa wapi huyo Mama Nafir. Akasema hajui." Gaetano alifuta pua kwa mkono. "Mimi wakaniambia niondoke, nisiangalie nyuma. Yeye wakampeleka nyuma ya makontena. Nilikuwa sijamaliza daraja. Nikasikia mara mbili."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, ndivyo wasemavyo, na anayejikwaa ulimi angalau ndiye anayeanguka. Huyu alijikwaa na akaanguka mwingine.

"Scovia nitamwambia nini?" Gaetano aliuliza. Scovia alikuwa mke wa Constantine.

"Sema walimzuia," Teresina alijibu. "Sema tu hivyo. Walimzuia, wewe wakakuachia. Ya simu usiseme. Ya nyuma ya makontena usiseme."

Alilisema haraka, bila kufikiri. Kisha akarudi jikoni akawapakulia watu maharage, na yeye mwenyewe akala wa mwisho. Alikula sahani nzima. Jambo hilo alikuja kulikumbuka sana, kwamba alikula sahani nzima.

Jumapili na Jumatatu mji uliungua. Teresina alilala sakafuni na majirani sita, chini ya meza, na hakuogopa. Wenzake waliomba rozari. Yeye alihesabu mistari ya mkeka. Mapigano yalipokoma, Gaetano alipita pale darajani akatazama nyuma ya makontena. Palikuwa pamefagiliwa.

Kuanzia hapo ndani ya Teresina pakawa kimya. Hakulia. Ofisi ya Thongpiny ilifungwa, wageni wakapanda ndege, kazi ikaisha, na yeye aliitikia habari ile kama anayeambiwa mvua itanyesha. Aliamka, akalima, akamwagilia, akapeleka kapu parokiani, akalala. Siku moja alishika sufuria ya moto bila kitambaa, na hakujua mpaka alipoona lengelenge. Watu walisema mama amejikaza. Hakuwa amejikaza, hakukuwa na kitu cha kukaza. Alijaribu mara kadhaa kumfikiria Constantine ili aumie, kama mtu anavyobonyeza jino bovu, na hakuumia.

Agosti Scovia alikuja shambani, amemshika mkono binti yake wa miaka minne, Angella. Alikuwa mwanamke mfupi, mzaliwa wa Arua, fundi wa kushona, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kupenda udongo.

"Mama Teresina, kitalu cha baba Angella nani analima?"

"Hakuna mtu."

"Basi mimi nitalima. Akirudi asikute majani."

Akainama akaanza kung'oa magugu, pamoja na vitunguu vitatu kwa kutojua. Teresina alivirudishia udongo. Toka siku hiyo Scovia alikuja kila Jumamosi. Nyumba yake ilikuwa upande wa bandari, kwa hiyo kila Jumamosi alivuka daraja lile lile, na kwenye kizuizi kile kile alipunguza mwendo akawatazama askari usoni mmoja mmoja, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba wanaume wengine walichukuliwa wakafanywa wapagazi. Kisha alikuja shambani akamweleza Teresina sura alizoziona. Teresina alisikiliza akiwa ameshika jembe. Aliyajua maneno ambayo yangemkomesha Scovia kutazama nyuso zile. Yalikuwa machache, hata kwa Kiswahili chake angeweza kuyasema. Hakuyasema.

Jumamosi zikapita hivyo, mpaka mwaka ukageuka.

Januari 2017 vita vilifika Kajo-Keji, na mama mzazi wa Constantine akavuka na majirani zake kwenda kambi ya Palorinya, wilaya ya Moyo, upande wa Uganda. Kutoka huko mdogo wake Constantine, jina lake Saturnino, alimpigia Scovia kila wiki. Njoo na mtoto, Juba si mahali pa kukaa. Watu wa Gumbo wenyewe walikuwa wanaondoka. Josline alifunga duka akarudi kwao Masaka, akawaachia mbegu zote kwenye kopo la maziwa. Scovia alikataa. Angeondoka vipi, Constantine akirudi akakuta mlango una kufuli? Wiki ya pili ya Februari risasi ya watu wasiojulikana ilitoboa bati la nyumba yake, ikapita juu ya kitanda cha Angella, ikatoka ukutani. Scovia alisogeza kitanda. Alimwonyesha Teresina kwa vidole, shambani, ilipita umbali gani kutoka kwenye kichwa cha mtoto. Ulikuwa upana wa kiganja.

Teresina aliangalia kile kiganja. Hakusikia uchungu hata wakati huo, wala hakusikia hofu. Alichosikia kilikuwa kitu kikavu kabisa, hesabu ya mtu mzima: huyu anangoja maiti, na anayemngojesha ni mimi. Risasi nyingine haitakosa. Nikisema, atanichukia, na sina mwingine anayekuja shambani kila Jumamosi. Nisiposema, nitawazika. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye Teresina alikuwa ameficha kifo chenyewe, na hakujua kitakachomuumbua ni nini.

Walikuwa wanaosha sukuma kwenye beseni, wao wawili, Angella akicheza na maji pembeni.

"Scovia," alisema. "Constantine hatarudi."

Scovia aliendelea kuosha jani moja.

"Walimpiga risasi. Siku ile ile. Gaetano nasikia kwa masikio yake. Mimi ndiyo nasema asikuambie."

"Kwa nini?"

"Sababu ni mimi."

Akamweleza. Alimweleza yote, panga ndani ya gazeti, kijana aliyesoma Kenya, wote, asibaki, swali la Mama Nafir anakaa wapi na jibu lake. Alieleza kwa sauti ile ile ambayo angeelezea namna ya kupika mlenda, na alijisikia akisema hivyo, na hakuweza kuibadilisha. Alipomaliza, Scovia alikuwa bado ameshika jani lile.

"Lete simu," Scovia alisema.

Teresina alifuta mikono kwenye kitenge akaitoa simu. Ujumbe ulikuwepo. Scovia aliusoma kwa midomo, bila sauti. Kisha kidole chake kikateremka, akaona kitu ambacho Teresina hakumwambia, kwa sababu ni hicho peke yake alichotaka kubaki nacho. Constantine alikuwa amejibu Ijumaa ile, dakika mbili baada ya kuupata, kwa simu yake ya zamani isiyohifadhi ujumbe uliotumwa:

YOTE, mama! Matete YOTE. Na ni "moja lisibaki". Nakuja na panga.

Scovia alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kikubwa, mpaka Angella akageuka kutazama, maana huyo alikuwa Constantine mzima mzima, na kwa muda ule mdogo alikuwa amekaa nao pale kwenye beseni na shati lake limechomekwa. Kisha kicheko kikabadilika kikawa kilio, naye akajifunika uso kwa mikono yenye maji. Alilia kwa muda mrefu. Teresina alikaa karibu naye, macho makavu kama mawe, akitamani aweze hata kidogo.

"Kufa nilijua," Scovia alisema mwishowe. "Unadhani mimi mjinga? Mtu hawezi kupotea miezi saba kwenye daraja. Lakini amekufa na nini? Mama yake ananiuliza kila wiki. Kwao bila mtu kusimama mbele ya watu akasema huyu alikufa hivi na hivi, matanga haifungwi, watu wanabaki na kifo mkononi. Mimi nisimame niseme nini? Nilikuwa nangoja mtu aniambie neno."

"Sasa umepata."

"Mimi? Hapana." Scovia alimrudishia simu. "Wewe uliita nafir. Mwenye nafir anarudisha mtu kwao. Utaenda na mimi, utasimama wewe, utasema."

Teresina hakubisha. Ilikuwa sheria aliyoijua kuliko sala.

Alimwachia Gaetano ufunguo wa stoo. Alhamisi waliondoka na msafara wa magari yenye kusindikizwa na wanajeshi, juu ya mizigo, Angella katikati yao. Kwenye barabara ya Nimule walipita mabasi mawili yaliyoungua. Nimule walivuka mpaka kwa miguu. Adjumani, mji aliokaa miaka ishirini na miwili, Teresina aliona wanawake wenye majerikeni kwenye foleni ya maji, akawapita kama mgeni. Kwenye feri ya Laropi Scovia alimpa nusu ya chapati. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao ya siku ile.

Palorinya ilikuwa turubai nyeupe na miti iliyokatwa juzi. Jumapili watu walikusanyika mbele ya turubai la mama yake Constantine, Wakuku wapatao hamsini, wengi wao wana mwezi mmoja tu tangu wapoteze nyumba, wamekaa chini. Mama mwenyewe alikaa juu ya jerikeni lililolazwa, mwembamba, miguu imenyooka. Saturnino, kijana mwenye sauti ya kaka yake, alisema kwa Kikuku kwamba mgeni huyu ni Mmadi, ndiye aliyekuwa na Constantine, ana neno. Akamkalisha Scovia, akamwachia Teresina uwanja.

Kikuku Teresina hakukijua, na mama yule Kiswahili hakukijua hata neno. Lugha waliyokutania ilikuwa Kiarabu cha Juba, basi akasema kwa hicho, naye Saturnino akawageuzia wazee. Alisema juu ya shamba. Alisema juu ya vikongwe, matete na nyoka. Watu walitikisa vichwa. Nafir wanaijua, matete wanayajua. Akasema juu ya daraja, na juu ya simu.

"Mimi nilikosea kuandika," alisema. "Niliandika kulu. Ilitakiwa niandike..."



Alilitafuta neno la pili. Kwa Kiarabu cha Juba, watu wakiwa wengi pasipobaki hata mmoja ni kulu. Matete yakiwa mengi pasipobaki hata moja ni kulu. Hakuna lingine. Alilitafuta kwa Kimadi, lugha ya kwao, huenda angeliazima huko, nako halikuwepo. Alimtazama Saturnino amsaidie, na Saturnino, aliyekwisha kulisema lile la kwanza kwa Kikuku, alikuwa amesimama na mkono hewani, naye hana la kuongeza.

"Uliandika kulu," mama alisema polepole, ili aelewe. "Na ilitakiwa uandike nini?"

"Kulu."

Mama alimwangalia. Hakuwa na hasira. Alikuwa mtu aliyengoja miezi saba kuletewa sababu, na sasa aliinama mbele kidogo juu ya jerikeni lake, mkono mmoja nyuma ya sikio, kana kwamba tatizo ni masikio yake.

"Galat wenu, ya biti?" aliuliza. Kosa liko wapi, binti yangu?

Watu hamsini walingoja. Teresina alifungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa neno. Akaketi chini udongoni mbele ya mama yule, na kilio alichokitafuta miezi saba kikamjia kwa nguvu mpaka kikamuumiza mbavu. Iliuma kila mahali. Mama Constantine alishuka kwenye jerikeni, akamsogelea, akamshika kichwa akakilaza mapajani pake. Kisha akainua uso akamuuliza mwanawe swali lile lile kwa Kikuku, na Saturnino akasema hajui.